Kitabu Chenye Majibu Nyuma

Manibe, Arua
11 Mei 2024

Wifi Santina,

Sitakuuliza habari. Utajibu "nzuri", nami nitaandika "nzuri", na karatasi itakuwa imejaa. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu utalia nami sitalia, kisha tutabaki kimya kila mmoja akimsikiliza mwenzake akipumua. Tangu kaka yangu aletwe sijalia. Naenda shuleni, nafundisha Kiswahili, nasahihisha insha, narudi.

Asiku yuko sebuleni juu ya kabati la vyombo, ndani ya kile kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe, kama ulivyokiona. Mama hufuta vumbi kabati zima kila asubuhi isipokuwa hapo.

Jumapili baba mkubwa Obitre alirudia neno lake. Kwamba ni majivu badala ya mwili, hilo linamuuma lakini halimzuii. Kinachomzuia ni kwamba hapa petu mtu hazikwi mpaka aliyemuuguza asimame mbele ya watu na kueleza: ugonjwa ulianza lini, ulimshika wapi, alipewa dawa gani, siku ya mwisho alikunywa nini na alisema nini. Kampuni iliyompeleka Japani ilituandikia mistari miwili, kwamba moyo wake ulisimama. Baba mkubwa akasema kila aliyekufa moyo wake umesimama, hiyo si habari.

Aliyekuwa naye ni yule Bibi Hatsue aliyempangisha chumba. Ndiye aliyetutumia nguo zake, zimefuliwa na kukunjwa, na kadi ya maandishi ya mkono. Hajui Kiingereza. Niliipiga kadi picha ili simu initafsirie, simu ikasema, "Mvua ya masika imekunjwa vizuri." Hata ingesema sawasawa, hakuna mzee atakayekubali simu isimame mbele ya kaburi.

Kwa hiyo nimeamua kujifunza Kijapani mwenyewe, kiasi cha kumuuliza na kuelewa atakachojibu. Kisha nitasimama mimi. Sihitaji kuijua lugha yote. Nataka kujua siku zile tu.

Vitabu alivyosomea kabla ya kuondoka aliviacha kwako, vitatu kama nakumbuka. Wewe ndiye uliyekuwa unavishika akijihoji. Nianze na kipi? Mpe Wahabu, gari lake linatoka Koboko kila asubuhi.

Wifi yako,
Candiru


Koboko
19 Mei 2024

Candiru,

Unaniita wifi kwenye karatasi. Sawa, nimepokea. Kule kwenu mwezi wa nne nilitambulishwa kuwa "mgeni kutoka Koboko", nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Sikatai. Asiku alisema utambulisho wa ndoa tutaufanya akirudi, na amerudi hivyo alivyorudi.

Vitabu viko. Kuna kinene cha jalada la kijani, Kijapani kitupu, hata bei imeandikwa Kijapani. Kuna chembamba cha wafanyakazi wa kiwandani, walichopewa na kampuni. Cha tatu sikioni. Nadhani ni mchwa, humu ndani wamekula hata fremu ya mlango.

Ushauri wangu: anza na kinene. Jifunze herufi zote kwanza, ndipo maneno, ndipo sarufi, ndipo uanze kuongea. Ukikimbilia mazungumzo utakuwa kama sisi tuliokulia kambini, tunaosema "mimi nakuja, wewe nakwenda" mpaka uzeeni, na wewe ni mwalimu, hutaweza kuvumilia kujisikia ukiongea hivyo. Itachukua mwaka, labda miwili. Hakuna haraka. Majivu hayaozi.

Nimeliandika hilo na nimelisoma tena. Nisamehe. Silifuti kwa sababu ni kweli.

Baba anawasalimu. Huyu Mzee Mogga wangu sasa kazi yake ni kusikiliza redio na kuwabishia watangazaji, "Wewe uko mwongo, kaa chini." Wao hawakai.

Kinene kimo kwenye mfuko pamoja na barua hii.

Santina


Manibe, Arua
30 Juni 2024

Wifi Santina,

Nimemaliza herufi za aina mbili za kwanza na nimeingia katika zile za Kichina. Naandika kila moja mpaka mkono unakuwa si wangu. Vokali zao ni zetu, a, i, u, e, o, kwa hiyo mdomo haukupata kazi mpya. Kazi ni kusubiri. Kitenzi hukaa mwisho, na kukanusha nako hukaa mwisho kabisa, hivyo sentensi ndefu inakwambia mtu, mahali, siku na chakula, na mpaka neno la mwisho hujui kama alikula au hakula.

Lakini kitabu hiki si cha mtu aliye peke yake. Kila zoezi linasema, "Muulize mwenzako." Nimeliuliza kabati. Majibu ya mazoezi yamo katika kitabu kingine anachokaa nacho mwalimu. Najaza nafasi zilizoachwa wazi, na sijui kama nimejaza au nimechafua.

Juzi nilikuwa nasoma kwa sauti, "Hii ni kalamu, ile ni meza, kile ni kiti," Mama akapita mlangoni, akasimama, akainamisha kichwa. Alidhani nasali. Nilishindwa kumwambia. Nikamaliza kwa "Ile ni saa," akasema amina, akaenda zake.

Kuna jambo jingine. Asiku aliweka alama za penseli pembeni, mstari kwa mstari, mpaka somo la nne. Kuanzia somo la tano kurasa ni safi na nyingine bado zimegandana tangu zilipochapwa. Kitabu hiki alikiacha, nawe ulikuwa umekishika alipokuwa anakiacha. Kwa nini umenipa mimi?

Candiru


Koboko
9 Julai 2024

Candiru,

Kweli alikiacha. Kaka yako alikuwa mvivu wa herufi. Akifika kwenye zile za mistari mingi alikuwa anasema, "Hii si herufi, hii ni ramani ya Kampala." Anafunga kitabu, anadai chai. Nilikupa wewe kwa kuwa wewe si mvivu. Basi, ndiyo sababu.

Nakutumia hicho chembamba usije ukasema nakunyima. Ndicho kilichompeleka Japani. Aliingia nacho kwenye mtihani wa kampuni akatoka anacheka.

Lakini nikuulize, na unijibu kama mtu mzima: ukishajua, utaifanyia nini habari hiyo? Baba alizika askari wenzake njiani wakikimbilia Sudan, chini ya miti asiyoijua majina. Hakuna aliyesimama kueleza dawa, kwa sababu dawa haikuwapo. Wamelala. Hawajamsumbua mtu. Ninyi watu wa Arua mnataka kila kifo kiwe na taarifa.

Kula, tafadhali. Wahabu aliniambia umekuwa mwembamba mpaka alikupita stendi bila kukutambua.

Santina


Manibe, Arua
4 Agosti 2024

Wifi,

Chembamba nimekimaliza. Ni kitabu cha mtu anayeamriwa. Simama. Usiguse. Vaa glavu. Hatari. Samahani, nimechelewa. "Nimeelewa" ipo karibu kila ukurasa. Nimetafuta kuanzia mwanzo hadi mwisho sentensi moja ambayo mfanyakazi anauliza kitu, sikuiona. Nimefikiri sana juu ya Asiku kuondoka hapa akiwa na lugha isiyo na swali hata moja. Nimefikiri tu. Sikuhisi kitu, nilikuwa kama ninayesoma habari za mtu wa nchi nyingine.

Kwa hiyo nimechagua mwenyewe. Kwenye mtandao kuna vitabu ambavyo wenyewe wameviachia watu wavichukue bure. Nilikwenda kwa Prossy mwenye fotokopi, pale njia inapoanza kupanda Arua Hill, nikafungua vitatu kwenye kompyuta yake. Sikutazama dibaji. Kila dibaji inaahidi. Nilitazama mambo mawili tu: je, nani, lini, wapi na vipi vinafundishwa mapema? Na je, majibu yamo nyuma?

Kimoja kilifundisha kuagiza samaki kabla ya kufundisha "lini". Nikakifunga. Cha pili kilikuwa na maswali yote ila majibu hakina. Cha tatu ni kibaya kwa sura, picha zake zimechorwa na mtu asiyejua mkono una vidole vingapi, lakini kina yote mawili. Prossy akatoa kurasa moja moja, akatazama picha, akasema, "Mwalimu, hawa watu wako wameugua nini?" Nikamwambia afunge tu.

Nimejua sasa kwamba anayejifunza peke yake anahitaji kitu kimoja kuliko vyote, na si sauti wala rangi. Anahitaji majibu. Mtu akikosea na hakuna wa kumwambia, kosa linakuwa ndiyo lugha yake, ataliongea mpaka afe.

Uliniuliza habari hiyo nitaifanyia nini. Nitaisema mara moja, Baba Obitre atasema tumesikia, na Mama ataweza kufuta kabati lote.

Nikifika somo la kumi nitamwandikia Bibi Hatsue. Anwani yake ipo kwenye boksi la nguo.

Candiru


Koboko
15 Septemba 2024

Candiru,

Usimwandikie. Nakuomba kama mkubwa kwako, maana nakupita miaka hata kama si mingi.

Yule ni mama mzee, anaishi peke yake na goti bovu na ile ngazi yake iliyolegea, kila mara anashika ukuta ili apande. Alifanya alichoweza. Sasa barua itoke Afrika imwambie, eleza alivyokufa. Ungekuwa wewe ungefurahi?

Nimezungumza na Baba. Yuko tayari kuja Manibe kuongea na Baba Obitre, waongee kizee, wakubaliane mtu azikwe kimya. Iandikwe moyo, isemwe moyo, iishe. Watu wa kanisani wataimba, watu wa Koboko tutaleta mchele, utakuwa msiba kama mingine.

Wewe pumzika. Hicho kitabu cha picha mbaya mpe mwanafunzi wako.

Santina


Manibe, Arua
27 Oktoba 2024

Santina,

Mimi sikuwahi kusikia habari za ngazi. Wala za goti. Bibi Hatsue hana Kiingereza, wewe huna Kijapani, na kadi yake niko nayo mimi. Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikapita. Mara ya pili nikasimama hapo.

Nilikuwa nimekwisha kumwandikia. Jibu limefika kwenye sanduku la posta la shule. Ameandika kwa herufi za watoto, kubwa, na ameacha nafasi kati ya neno na neno ili nisipotee. Nimetafuta kila neno. Nimelinganisha kila umbo la kitenzi na kurasa za majibu. Nakunakilia kwa Kiswahili jinsi lilivyo:

"Candiru-san. Asante kwa barua. Unaandika vizuri. Asiku-san aliugua tangu majira ya majani kuanguka. Alilala hospitali. Halafu akarudi nyumbani kwangu. Mimi nilipika uji. Maneno yake sikuyajua. Simu ilikuwa kando ya kichwa chake. Kila siku Santina-san alikuwa kwenye simu. Daktari alisema, Asiku-san akamwambia Santina-san. Santina-san aliimba. Mimi sikuelewa, lakini yeye alilala usingizi. Siku ya mwisho pia Santina-san alikuwa kwenye simu. Tafadhali muulize Santina-san. Yeye anajua yote. Mimi ninajua uji tu."

Nimekaa na barua hii wiki nzima nikisubiri hasira. Haijaja. Nimesahihisha mitihani ya muhula wa tatu, nimechota maji, nimekwenda kwenye mkutano wa wazazi.

Ulinipa kitabu kinene ili nichelewe. Naliandika hilo ili ujue kwamba nimelielewa, si ili ujitetee.

Aliyemuuguza ni wewe.

Candiru


Koboko
3 Novemba 2024

Candiru,

Ndiyo.

Hakuna mchwa. Kitabu cha tatu kiko chini ya godoro langu. Kina sura ya hospitali na orodha ya magonjwa nyuma. Kitakuonyesha kwa nini sikutaka ukione, kimechakaa hapo tu.

Alianza kuchoka mwezi wa tisa mwaka jana. Akadhani ni zamu za kiwandani. Kisha tumbo likajaa upande wa kulia, macho yakawa ya njano. Hospitali ya mji ule ni ndogo. Siku majibu yalipotoka mkalimani hakuwapo, daktari akasema neno, akalirudia polepole, Asiku akanipigia akiwa kwenye kiti nje ya mlango. Akanitamkia alivyolisikia. Nikafungua kitabu nikatafuta. Nikaona ini kwanza. Halafu nikaona lile jingine. Kaka yako alijua ana kansa kwa sababu mimi nilimsomea, Candiru, kutoka kwenye kitabu, nikiwa nimesimama dukani kwa Asiya na watu wananunua sabuni.

Walimpa dawa za maumivu, za kubandika kifuani kama plasta. Za kuponya hazikuwapo tena. Kiwanda kilimsimamisha, Bibi Hatsue akamkataza kuhama. Alikuwa anapanda ile ngazi na uji, nikimsikia anavyohema, na kila akifika anasema neno moja ambalo Asiku alisema maana yake ni "samahani kwa kukusumbua". Yeye ndiye aliyekuwa anaomba samahani. Mimi nilikuwa nimewekwa, ndani ya simu, kando ya mto wake wa kulalia. Sikuwa na la kufanya, nikawa naimba zile nyimbo za Kikakwa za kubembeleza watoto, na nyimbo za gwaride za Baba zikiisha hizo. Gwaride alizipenda zaidi. Siku ya mwisho alikunywa maji ya uji, vijiko viwili, akasema baridi imepungua. Haikuwa imepungua, niliuona kwenye video ya simu mlango wa kioo umejaa theluji. Halafu hakusema tena.

Sasa lile nililoapa. Kampuni haikumchoma. Serikali ya huko haikumlazimisha. Alisaini yeye mwenyewe, mwezi mmoja kabla. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Akaniambia, "Nikirudi na mwili, Mama atataka kufungua sanduku. Akifungua hataniona mimi, atamuona huyu. Nataka abaki na yule aliyemsindikiza stendi." Akaniapisha Mama asijue kamwe kwamba moto aliuomba mwanawe. Na asijue aliugua muda wote ule akimwambia kwenye simu kwamba kazi ni nyingi.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili sikuapishwa na mtu. Mwezi wa nne wazee walikaa siku nzima wakitafuta nani alimuuguza. Waliuliza kampuni. Waliuliza mchungaji. Uliuliza simu. Nilikuwa nyuma ya nyumba na vitunguu, umbali wa kuitwa kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyesema, "Na huyu?" Wala wewe.

Nikajiambia, basi wasijue.

Santina


Manibe, Arua
10 Novemba 2024

Wifi,

Nimemwambia baba mkubwa kwamba aliyemuuguza Asiku yupo. Akauliza ni nani. Nikasema ni mke wake. Akasema, "Basi mke aje akae mbele." Margarita, mke wa mchungaji, ameambiwa atafute kiti chenye mgongo. Mambo ya utambulisho watayaweka sawa yeye na Mzee Mogga asubuhi hiyo hiyo, kabla ya jembe kugusa udongo.

Ni Jumamosi tarehe 23. Maelezo ya marehemu husemwa kwa lugha ya ukoo. Yasiposemwa kwa Kilugbara yanahesabiwa hayajasemwa. Wewe utasema Kiswahili, sentensi moja moja, nami nitasimama kando yako nigeuze. Nimefanya mazoezi ya kazi hiyo tangu mwezi wa tano kwa lugha nyingine.

Sema yote. Najua uliapa. Lakini wazee hawatazika nusu ya habari, na mimi nimechoka na mistari miwili. Usipunguze kwa ajili ya Mama. Mama anajua Kiswahili cha kuuzia dagaa tu. Kitakachomfikia kitapitia kwangu, na mimi nitakifikisha.

Ulichoniambia kuhusu vitunguu, nimekisoma.

Candiru


Koboko
1 Desemba 2024

Wifi Candiru,

Tulifika salama. Baba alilala njia nzima, alipoamka akasema, "Wamezika vizuri," akalala tena.

Nakushukuru kwa kiti.

Sasa nikuambie jambo, na usilijibu kabla ya kulala nalo. Nilisema yote kama ulivyoagiza. Ini, macho, plasta, ngazi, uji, nyimbo za gwaride, hata vijana walicheka kidogo hapo, na wewe ulikuwa unageuza vizuri, nikimaliza tu mimi, wewe unaanza. Nikafika kwenye moto. Nikasema, yeye mwenyewe aliuomba, alisaini kwa mkono wake, hakutaka Mama afungue sanduku. Nikanyamaza upokee. Ukanyamaza na wewe. Nikakutazama, ulikuwa unatazama jembe. Kisha ukasema kitu kifupi, nikasikia "Japani", basi.

Kilugbara changu ni cha jikoni, lakini moto ni neno la jikoni. Sikulisikia. Nadhani uliwaambia kwamba huko ndivyo wanavyowafanyia watu wote.

Sikukasirika. Nilikuwa nimevunja kiapo mbele ya watu, na wewe ukakiunganisha hapo hapo nikiwa bado nimesimama. Lakini ulisahau tuko wapi. Baba Obitre na babangu walikuwa kikosi kimoja. Anajua Kiswahili tangu wewe hujazaliwa. Wale wazee wote wa mstari wa mbele, nani hajawahi kukaa jeshini au kwenye soko la mpakani? Nilikuwa nawatazama. Walikuwa wamesikia kabla hujafungua mdomo. Wakakungoja waone utasema nini. Ulipomaliza, Baba Obitre akasema, "Tumesikia," kwa Kilugbara. Wakashusha kisanduku. Walichokizika ni ulichosema wewe.

Na Mama.

Watu walipokuwa wanakula alinikuta nyuma ya nyumba. Alinishika mkono akaongea Kiswahili chake, na si cha dagaa, Candiru. Alisema, "Mutoto alikataa mimi nafungua sanduku. Alifanya muzuri. Mimi ningefungua." Akasema tena, "Usiambie Candiru mimi nasikia. Yeye nachoka."

Nimekaa na siri ya mtu mmoja mwaka mzima, na imenifanya mtu nisiyempenda. Ya pili siwezi. Nakupa.

Santina


Manibe, Arua
8 Desemba 2024

Wifi Santina,

Nililala nayo kama ulivyosema. Nililala usiku mzima, jambo ambalo sikulitegemea.

Kuhusu ule ukimya kabla sijageuza: nilikuwa na sentensi yote tayari. Ilikuwa sahihi. Nilimuona Mama amekaa kwenye mkeka na kiatu kimoja kimemtoka, na sentensi nyingine ikatoka badala yake. Sijui zaidi ya hapo. Nimeitafuta sababu na sijaiona.

Nimemwandikia Bibi Hatsue kwamba amezikwa. Sadiya wa hapa jirani alikuwa anaenda mjini, akaipeleka posta.

Jana Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nilikaa upande wa pili wa ungo. Nikamwambia kwa Kiswahili, ambacho hatujawahi kukitumia sisi wawili, "Mama, ulisikia."

Hakuinua macho. Akasema, "Nasikia."

Aliusukuma ungo ukawa katikati yetu, nikaanza kuchambua upande wangu. Macho yalijaa maji, na mikono yangu haikuwa inaona vizuri. Mawe niliyoyapita aliyatoa yeye.

Wifi yako,
Candiru